Kufuatilia Mababu wa Koloni la Kifaransa Amerika Kaskazini: Fuata Ndoa, Usifuate Jina

Mwanachama yeyote wa SACCOS ana sababu ya kumfahamu Alphonse Desjardins, aliyezaliwa tarehe 5 Novemba 1854 huko Lévis, mji unaotazamana na Québec ng'ambo ya mto, kwa kuwa ndiye aliyeanzisha, mwaka 1900, chama kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha kuweka na kukopa katika Amerika Kaskazini. Hata hivyo, mtu atakayelishika jina hilo la Desjardins na kulirudisha nyuma kizazi baada ya kizazi atakwama mapema. Baba yake Alphonse aliitwa François Roy dit Desjardins, na mama yake Clarisse Miville dit Deschênes. Wa kwanza wa ukoo wa baba kuvuka bahari alikuwa Antoine Roy. Wa kwanza wa ukoo wa mama alikuwa Pierre Miville, ambaye majirani walimwita le Suisse, yaani Mswisi. Kila upande una majina mawili au matatu, na hakuna hata moja lililokaa mahali pamoja kwa muda wote.

Nimeanza na familia hii kwa sababu inaonyesha shida nzima kwa mara moja. Nouvelle-France, yaani makoloni ya Ufaransa yaliyoanzia bonde la mto Saint-Laurent na Acadie hadi Louisiane, iliacha kumbukumbu za watu zilizo bora kuliko za makoloni mengi ya wakati wake, lakini iliacha pia desturi ya majina inayompoteza mgeni. Leo familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, zilizotoka Goma, Bukavu au Bujumbura, zimeweka makazi Montréal na Ottawa, na baadhi ya watoto wao wana babu na bibi wa upande mmoja wenye asili hiyo. Mwongozo huu nimeuandika nikiwa na watoto hao akilini, ingawa njia ni ileile kwa mtafiti yeyote.

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni hii: jina la ukoo linaweza kubadilika kati ya baba na mwana, lakini ndoa ya mume fulani na mke fulani haibadiliki. Kwa hiyo usitafute “akina Desjardins”. Tafuta ndoa ya François na Clarisse, kisha ndoa ya wazazi wa François, kisha ya wazazi wao, ukipanda ngazi moja kwa wakati. Mtafiti anayekusanya kila mtu mwenye jina lake hujaza daftari na watu wasiomhusu, ilhali anayefuata ndoa anaweza kufika miaka ya 1600 bila kupoteza uzi.

Maana ya neno dit

Neno la Kifaransa dit, au dite kwa mwanamke, maana yake ni “aitwaye”, na katika Kiswahili cha leo tafsiri iliyo karibu zaidi ni “almaarufu”. Roy dit Desjardins ni Roy almaarufu Desjardins. Tofauti na lakabu zetu nyingi, ambazo mtu huzikwa nazo, lakabu ya Nouvelle-France iliweza kurithiwa na watoto, ikakaa pembeni ya jina la ukoo kwa vizazi vitatu au vinne, na mwishowe ikalisukuma nje. Wakati mwingine ndugu wa baba mmoja waligawana: mmoja akabaki Hudon, mwingine akawa Beaulieu, kwa kuwa wote walitokana na Pierre Hudon dit Beaulieu. Wajukuu wa leo wanaweza kuishi mtaa mmoja bila kujua kwamba ni wa damu moja.

Chanzo kikubwa cha lakabu hizi ni jeshi. Askari wa Ufaransa alipewa jina la vita alipojiunga na kikosi, na majina hayo yalikuwa ya kuchangamsha: La Fleur (ua), Sansouci (asiye na wasiwasi), Jolicoeur (moyo mzuri), Ladouceur (upole), Tranchemontagne (mkata milima), Vadeboncoeur (aendaye kwa moyo mkunjufu). Kikosi cha Carignan-Salières kilipofika Québec mwaka 1665 kikiwa na askari zaidi ya 1,000, kiasi cha 400 kati yao walikubali kubaki baada ya vita, wakapewa ardhi na wakaoa. Majina yao ya kambini yakaingia katika vitabu vya kanisa pamoja nao. Antoine Roy, fundi wa mapipa kutoka Joigny, alikuwa mmoja wao.

Lakabu nyingine zilitokana na mahali mtu alikotoka, kama Langevin kwa mtu wa Anjou, Poitevin kwa mtu wa Poitou, Picard, Champagne, Saintonge au Parisien. Abraham Martin, ambaye jina lake la kwanza limebaki katika uwanda wa Abraham nje ya kuta za Québec, aliitwa l'Écossais, yaani Mskoti. Zipo pia zilizotokana na umbo, kama Leblond na Legros, na zilizotokana na shamba. Katika ukoo wa Miville tunaziona aina mbili zikipishana: lakabu ya baba, le Suisse, haikuendelea sana, lakini mwanawe Jacques alijulikana kama sieur des Chênes, bwana wa mialoni, na ndilo jina lililogeuka Deschênes na kuwafikia wazao wa Lévis.

Mambo mawili yanastahili tahadhari hapa. La kwanza ni kwamba kufanana kwa lakabu si ushahidi wa undugu. Kila kambi ilikuwa na La Fleur wake, na akina Lafleur wa leo wanatokana na wanaume wengi wasiohusiana kabisa. La pili ni neno de na cheo cha sieur. Wazao wengi huviona wakadhani wamegundua babu mwenye damu ya kifahari. Mara nyingi vinaonyesha kipande cha ardhi tu, tena pengine chenye miti mingi kuliko mazao.

Katika vitendo, fungua ukurasa mmoja kwa kila ukoo na uandike kila umbo la jina unalokutana nalo, pamoja na mwaka na parokia. Tahajia haikuwa na sheria. Padri aliandika alichosikia, na herufi za mwisho zisizotamkwa katika Kifaransa ziliongezwa au kuachwa kwa hiari yake. Gauthier, Gaultier na Gautier ni jina moja. Guyon limekuwa Dion kwa wazao wengi, akiwemo mwimbaji Céline Dion, ambaye ni mzao wa Jean Guyon. Kabla ya kukata tamaa kwamba mtu hayupo katika faharasa, litamke jina kwa sauti kwa lafudhi ya Kifaransa, kisha jiulize sikio la padri lingeweza kuliandika kwa njia gani nyingine.

Kuanzia nyumbani hadi kitabu cha ndoa

Anza na walio hai. Muulize bibi au babu si tu jina la mama yake bali jina la mama yake kabla ya kuolewa, parokia alikofungia ndoa, na kama kuna kadi za mazishi zilizohifadhiwa ndani ya misale au sandukuni. Familia za Kikatoliki za Québec zilikuwa na desturi ya kuchapisha kadi ndogo zenye picha na tarehe za marehemu. Lengo la hatua hii ni jambo moja: kupata ndoa moja iliyothibitishwa, yenye majina ya mume na mke, mahali na mwaka. Ukishaipata, kazi ya kupanda ngazi inaweza kuanza.

Sababu ya ndoa kuwa na thamani hivyo ni kwamba hati yake hutaja wazazi wa pande zote mbili. Hati ya kawaida ya parokia ya Nouvelle-France inaeleza kwamba matangazo yalisomwa mara tatu kanisani bila kipingamizi, kisha inamtaja bwana harusi, baba na mama yake na parokia yao, kisha bibi harusi na wazazi wake vivyo hivyo, na mwisho mashahidi pamoja na uhusiano wao na maarusi. Hati moja inakupa watu sita, na majina ya wazazi hao ndiyo ufunguo wa ndoa inayofuata juu yake. Kwa kawaida harusi ilifungwa katika parokia ya mwanamke, hivyo ukimkosa mwanamume kwao, nenda ukweni.

Soma maneno madogo. Neno feu kabla ya jina la baba, au feue kabla ya jina la mama, maana yake ni “marehemu”. Kwa hiyo unajua kwamba mazishi yake lazima yatangulie tarehe ya harusi. Neno veuf au veuve linakuambia kwamba mmoja wa maarusi ni mjane, na hapo jihadhari, kwa maana hati ya ndoa ya pili mara nyingi humtaja mwenzi aliyefariki badala ya wazazi, nawe utalazimika kurudi kwenye ndoa ya kwanza. Ukiona ruhusa ya kanisa kwa sababu ya udugu, hesabu digrii zake: digrii ya pili ni watoto wa ndugu, walio na babu na bibi wamoja; digrii ya tatu ni wale wanaokutana kwa wazazi wa babu au bibi. Ruhusa ya namna hiyo hukuambia mapema kwamba mistari miwili ya mti wako itaungana huko mbele, na inaweza kuthibitisha au kuvunja nasaba uliyokuwa unaidhania.

Kuhusu wanawake, desturi ya Wafaransa wa koloni itawafurahisha wasomaji wa pwani yetu. Kama vile kwetu mwanamke anavyobaki binti fulani hata baada ya kuolewa, ndivyo mwanamke wa Nouvelle-France alivyoandikwa kwa jina la ukoo aliozaliwa nao tangu ubatizo hadi maziko. Marie Major, aliyeolewa na Antoine Roy mwaka 1668, anaendelea kuwa Marie Major katika hati. Alikuwa mmoja wa filles du roi, wasichana na wajane wapatao 770 ambao mfalme Louis wa 14 aligharimia safari yao kati ya 1663 na 1673 ili koloni lililojaa wanaume lipate familia. Mtafiti akimtafuta kama “Marie Roy” hatampata. Ni baadaye sana, chini ya mazoea ya Kiingereza, ndipo wanawake wa huko walipoanza kuitwa kwa majina ya waume katika maisha ya kila siku, na sheria ya Québec ya mwaka 1981 ikawarudisha kwenye majina yao ya kuzaliwa.

Jina la ubatizo na somo wake

Mtoto alibatizwa siku ileile au siku iliyofuata, na kama mkunga aliona hatakaa, alimbatiza mwenyewe hapohapo, jambo ambalo hati hulitaja kwa neno ondoyé. Jina mara nyingi lilitolewa na msimamizi wa ubatizo, ambaye kwa lugha yetu alikuwa somo wa mtoto kwa maana kamili ya neno hilo, kwa kuwa mtoto alichukua jina lake. Ndiyo maana majina ya wasimamizi yanafaa kunakiliwa kila mara: aghalabu ni babu, shangazi au mjomba, na yanaweza kukueleza undugu ambao hakuna hati nyingine inayoutaja.

Baadaye, hasa katika karne ya 19, ikawa kawaida kumwandika kila mvulana Joseph na kila msichana Marie, kisha jina la msimamizi, na mwisho jina ambalo mtoto angeitwa nyumbani. Familia yenye akina Joseph sita si familia ya watu wavivu wa kufikiri. Jina la wito liko mwishoni. Mwanzilishi wetu wa Lévis alibatizwa Gabriel-Alphonse, naye dunia ikamjua kwa jina la pili.

Kosa ambalo nimeliona mara nyingi zaidi katika miti ya ukoo iliyochapishwa mtandaoni linatokana na watoto waliofariki. Mtoto aitwaye Pierre akifa, mtoto wa kiume aliyefuata alipewa tena jina la Pierre. Mtafiti mwenye haraka hupata ubatizo wa kwanza, anaunganisha na mtu mzima aliyeoa miaka 25 baadaye, na tayari amemwozesha mtoto aliyezikwa akiwa na wiki mbili. Dawa yake ni rahisi: kila unapopata ubatizo, tafuta pia maziko katika miaka michache inayofuata, na uwaorodheshe watoto wote wa ndoa hiyo kabla ya kumchagua wako.

Vitabu viko wapi, na vinasomwaje

Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1539, iliyotolewa Villers-Cotterêts, ndiyo iliyoagiza ubatizo uandikwe, nayo ya Blois ya mwaka 1579 ikaongeza ndoa na maziko. Amri ya 1667 ilidai nakala mbili, moja ibaki kanisani na nyingine ipelekwe mahakamani, utaratibu ulioanza kufuatwa Nouvelle-France mwaka 1679. Nakala hiyo ya pili imewaokoa watafiti wengi, kwani kanisa likiungua, mahakama inabaki. Bahati mbaya iliikuta Québec kabla ya hapo: mwaka 1640 kanisa dogo la mji liliungua pamoja na vitabu vilivyoanza 1621, na mapadri wakaandika upya kwa kukumbuka na kuwauliza wakazi. Tarehe za miaka hiyo ya mwanzo zichukuliwe kwa kiasi.

Picha za vitabu hivi zinapatikana bila malipo katika tovuti ya nasaba ya FamilySearch baada ya kujisajili, na mkusanyo wa Institut Drouin, uliopigwa picha katika miaka ya 1940, unapatikana kwa ada. Chuo Kikuu cha Montréal kina mradi uitwao PRDH, ulioanzishwa 1966, ambao umekusanya hati za ubatizo, ndoa na maziko za Québec ya kale na kuziunganisha kuwa familia. Uzuri wake kwa mada yetu ni kwamba unaruhusu kutafuta wanandoa wawili pamoja, na unazitambua lakabu na tahajia zinazolingana. Kamusi ya nasaba ya padri Cyprien Tanguay, juzuu 7 zilizotoka kati ya 1871 na 1890, bado hutumika kama dira, lakini ina makosa ya kutosha kumfanya mtu mwangalifu asiandike chochote kutoka humo bila kuiona hati yenyewe. Hali ni hiyohiyo kwa miti ya ukoo ya watu mtandaoni: ni ishara ya mahali pa kutazama.

Unapoifungua hati, mtego wa kwanza ni miezi. Makarani walifupisha septembre kuwa 7bre, octobre kuwa 8bre, novembre kuwa 9bre na décembre kuwa Xbre, wakifuata maana ya Kilatini ya saba, nane, tisa na kumi. Anayesoma 7bre kama Julai anakosea kwa miezi miwili, na mtoto anaweza kuonekana amezaliwa kabla ya harusi ya wazazi wake. Mtego wa pili ni maneno kama né d'hier, yaani “aliyezaliwa jana”, ambayo hukuonya kwamba tarehe iliyo juu ya ukurasa ni ya ubatizo. Mwisho wa hati angalia sahihi. Wengi walitangaza kwamba hawajui kutia sahihi, lakini aliyeweza mara nyingi anakuonyesha jinsi yeye mwenyewe alivyoliandika jina lake, na ushahidi huo ninaupa uzito kuliko kalamu ya padri.

Vitabu vya kanisa vikinyamaza, mgeukie notaire, yaani wakili wa hati. Chini ya sheria ya desturi ya Paris, iliyotumika katika koloni, maarusi waliandikishiana mkataba wa ndoa kabla ya kwenda kanisani, hata wale maskini, na mkataba huo unataja mahari, wazazi, na umati wa jamaa waliohudhuria. Mzazi akifariki, liliandikwa orodha la mali, hadi sufuria na blanketi, na hati ya ulezi iliyotaja kila mtoto mdogo kwa jina na umri. Nyaraka hizi zimehifadhiwa katika BAnQ, maktaba na hifadhi ya taifa ya Québec, ambayo imeweka sehemu kubwa mtandaoni bila malipo. Ipo pia sensa ya mwaka 1666 iliyofanywa chini ya mkuu wa utawala Jean Talon, iliyohesabu watu 3,215, ikifuatwa na ya 1667 na ya 1681. Kila kaya imeandikwa kwa majina na umri.

Usizipuuze hata kesi za mahakama. Kifo cha Antoine Roy kinajulikana kwa undani kutokana na kesi: aliuawa Lachine mwaka 1684 na Julien Talua dit Vendamont, ambaye alimkuta Antoine na mke wa Talua mwenyewe. Kitabu cha maziko peke yake kisingesema hayo. Familia nyingine hupendelea yasisemwe, lakini mtafiti akishaanza kuchagua babu wa kuandikwa na babu wa kufichwa, mti wake hauna thamani tena.

Waliopewa majina na wengine

Si kila aliyeandikwa katika vitabu hivyo alikuwa na jina lake. Mwanahistoria Marcel Trudel alihesabu kiasi cha watumwa 4,200 katika historia ya Québec, thuluthi mbili wakiwa wenyeji wa bara hilo, walioitwa panis, na waliobaki wakiwa Waafrika. Wa kwanza Mwafrika anayejulikana kwa jina ni Olivier Le Jeune, anayeaminika kuzaliwa Madagascar, Bukini ya wazee wetu, aliyefikishwa Québec akiwa mtoto mwaka 1629. Alipobatizwa mwaka 1633 alipewa jina la Olivier kutoka kwa karani Olivier Le Tardif, na Le Jeune kutoka kwa padri Mjesuiti Paul Le Jeune. Jina alilopewa na mama yake halimo popote. Kwa watu kama yeye kanuni ya kufuata ndoa haitoshi, kwa sababu wengi hawakuoa kanisani. Badala yake unamfuata mmiliki, ukisoma mikataba ya mauziano, wosia na orodha za mali, kisha unaangalia ubatizo na maziko ambamo mtumwa ametajwa kwa jina moja tu likifuatwa na jina la bwana wake. Wanawake wenyeji walioolewa na wafanyabiashara wa manyoya magharibi nao mara nyingi wameandikwa kwa jina la Kikristo na jina la taifa lao tu, ingawa wapo waliobaki na jina la baba, kama Marie Rouensa wa Kaskaskia, binti wa chifu, aliyeolewa na Mfaransa mwaka 1694.

Waacadie na wazao wao wa Louisiane

Waacadie, walowezi wa eneo ambalo leo ni Nova Scotia na jirani zake, wanahitaji mbinu tofauti, kwa kuwa Waingereza waliwafukuza kuanzia 1755 na kuwatawanya hadi Marekani, Uingereza na Ufaransa. Vitabu vingi vilipotea katika safari hiyo. Cha Port-Royal, cha 1702 hadi 1755, kimebaki na kinaonekana mtandaoni kupitia hifadhi ya Nova Scotia. Vya Grand-Pré vilibebwa na wakimbizi wenyewe hadi Louisiane, navyo viko leo katika dayosisi ya Baton Rouge. Pale penye pengo, tafuta maelezo ambayo Waacadie waliopelekwa kisiwa cha Belle-Île-en-Mer, Ufaransa, walitoa kwa kiapo mwaka 1767, kila mkuu wa familia akitaja wazazi wake, babu zake na mahali walipofunga ndoa. Ni nasaba iliyosimuliwa kwa mdomo mbele ya karani, na msomaji aliyekulia penye wazee wanaohesabu ukoo hatashangaa jinsi walivyokumbuka.

Kwa kuwa majina ya ukoo ya Waacadie yalikuwa machache na kila kijiji kilijaa watu wa jina moja, walijitofautisha kwa kupanga majina ya kwanza: Marie à Pierre à Jean ni Marie wa Pierre wa Jean, sawa kabisa na Asha wa Juma wa Hamisi. Mfuatano kama huo ukikutana nao katika barua au simulizi, usiudhanie kuwa jina la ukoo; umepewa vizazi vitatu bure. Lakabu za dit zilikuwapo pia, na maarufu kuliko zote ni ya Joseph Broussard dit Beausoleil, aliyewaongoza wenzake wapatao 200 hadi Louisiane mwaka 1765. Huko tahajia za Boudreau, Thibodeau na Robichaud zikaelekea kuwa Boudreaux, Thibodeaux na Robichaux, na chini ya utawala wa Kihispania padri aliweza kumwandika Jean kuwa Juan bila mwenyewe kuhama nyumba.

Mabadiliko makali zaidi yalitokea Marekani kaskazini. Kati ya 1840 na 1930 Wakanada wa Kifaransa wapatao 900,000 walihamia huko, wengi wakienda kwenye viwanda vya nguo vya New England, na majina yao yakatafsiriwa au kuandikwa kwa sikio la Kiingereza: Boisvert akawa Greenwood, Leblanc akawa White, Roy akawa King. Mtu aitwaye King mwenye asili ya Maine anaweza kuwa ndugu wa Desjardins wa Lévis. Hapa tena, tafuta ndoa ya mwisho iliyofungwa Québec au ya kwanza katika parokia ya Kifaransa ya Marekani, ambako padri aliendelea kuandika majina ya asili wakati karani wa kiwanda alikuwa tayari ameyageuza.

Kuvuka bahari

Ukifika kwa aliyehama, hati yake ya ndoa huko Canada kwa kawaida hutaja parokia na dayosisi aliyotoka Ufaransa. Linganisha jina hilo na ramani kwa uangalifu, kwani vijiji vyenye jina la mtakatifu mmoja ni vingi, kisha angalia Fichier Origine, orodha ya bure mtandaoni ya wahamiaji ambao ubatizo au familia yao imepatikana Ufaransa. Baada ya hapo fungua tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya département husika, yaani mkoa wa kiutawala wa Ufaransa. Nyingi zimeweka vitabu vya parokia mtandaoni. Wengi watakupeleka Normandie na Perche, au Poitou, Aunis na Saintonge, maeneo yaliyo upande wa bandari ya La Rochelle, na wengine Paris.

Kwa Antoine utakwenda Joigny, katika département ya Yonne. Utakapofungua vitabu vya huko, funga ukurasa wa lakabu ulioujaza Canada, maana mtengeneza mapipa huyo hakuondoka kwao akiwa Desjardins. Katika faharasa ya Joigny unatafuta Roy, pamoja na Roi na Leroy, na unamtafuta akiwa kijana wa familia yake kabla jeshi halijampa jina jingine.